Usiwaendee Watu na Kamera, Waendee na Shida

(Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi jioni hapa Louisville, Kentucky, kabla hatujaionyesha ile filamu yetu ya safari. Wengi mlikuwa zamu ya usiku mkaniomba niiweke yote. Nimeiweka kama nilivyoisema, picha za ukutani tu ndo nimeziacha.)

Wazee wangu shikamooni. Kaka zangu, dada zangu, wadogo zangu mliojibana kule nyuma karibu na sufuria la pilau, habari za jioni. Ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, jambo sana. Wa Bujumbura, amahoro.

Naomba nianze na swali. Humu ndani, ni wangapi mmekaa Marekani zaidi ya miaka mitano? Nyosheni mikono juu. Haya, karibu ukumbi mzima. Msiishushe kwanza. Sasa kati yenu, ni wangapi mmeshawahi kuingia nyumbani kwa Mmarekani, ambaye si bosi wako, si mwalimu wa mtoto wako, si yule mtu wa kanisa aliyekupokea uwanja wa ndege, mkakaa, mkanywa kitu, mkacheka mpaka mkashika mbavu? Mmeona mikono ilivyoshuka? Imebaki minne. Na mimi mkono wangu ulikuwa chini kwa miaka 9. Miaka 9 nawaona Wamarekani kupitia kioo cha gari, kupitia dirisha la kuchukulia chakula, kupitia runinga wakigombana uchaguzi, na moyoni nilikuwa nimeshajijibu kwamba hawa watu ni hivi na hivi, basi.

Filamu mtakayoiona leo ni ya dakika 52. Tumeipiga siku 16, watu watatu, mimi na mwenzangu wa Tanga na mwenzangu wa Bukavu, kwa dola 2,900, na humo ndani kuna mafuta ya kwenda na kurudi, chakula, usiku tano za moteli, kadi za kumbukumbu na spea za gari. Gari lenyewe ni la shemeji yangu, lile la familia la mlango wa kuburuza, nyumbani ungeliita Noah tu hata kama si Noah. Kamera zetu zilikuwa simu mbili. Kitu pekee tulichonunua kwa hela ya maana ni maiki, na hilo nitalirudia.

Tulienda wapi? Tulifuata barabara ya zamani, Route 66, kutoka Chicago mpaka Santa Monica kwenye maji ya Pasifiki. Hii barabara ilipewa namba yake mwaka 1926, urefu karibu kilomita 3,900, inapita majimbo 8, Illinois, Missouri, Kansas kidogo sana kama kilomita 20 hivi, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona, California. Halafu mwaka 1956 serikali ya Eisenhower ikapitisha sheria ya kujenga zile barabara kuu mnazozijua, za njia nne na zaidi, hakuna taa, hakuna kona, na kidogo kidogo zikaanza kuipita ile ya zamani pembeni. Kuna mji unaitwa Seligman, Arizona, wenyewe wanakumbuka mpaka tarehe, 22 Septemba 1978, barabara mpya ikafunguliwa na magari yakapotea siku hiyo hiyo, yaani asubuhi yapo jioni hamna. Kinyozi mmoja wa pale, Angel Delgadillo, mwaka 1987 aliwakusanya wenzake wakaunda chama cha kuitetea barabara yao, na wakafanikiwa, leo watalii wamerudi. Lakini serikali ilikuwa imeshaifuta rasmi tangu mwaka 1985.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu ndo yaliyotufanya tuichague. Kwenye barabara kuu hakuna mtu, kuna magari. Kwenye barabara iliyoachwa kuna watu, na watu wenye muda, mtu anakaa kibarazani anaangalia gari likipita na likipunguza mwendo anasimama kuona ni nani. Ukikulia Muheza au Korogwe kandokando ya barabara, hilo unalijua bila kufundishwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Siku nne za kwanza tulipiga masaa 11 ya video. Masaa 11! Na katika filamu mtakayoiona yamebaki sekunde 40. Tulikuwa tunafanyaje? Tunasimamisha gari, tunatoa kamera, tunaiweka kwenye miguu yake mitatu, tunachomekea mashati vizuri, tunamfuata mtu, "Samahani, tunatengeneza dokumentari kuhusu Wamarekani wa kawaida, kwako wewe Marekani ni nini?" Na kila mtu anajibu vizuri kabisa. Uhuru. Familia. Bendera. Kufanya kazi kwa bidii. Mzee wa Illinois anasema hivyo, dada wa Missouri anasema hivyo hivyo, kijana mwenye michoro mwili mzima anasema hivyo hivyo. Jamani, siwasemi kwamba wanadanganya. Ila yale ni maneno ya kuvaa, kama suti ya harusi, ukimuuliza mtu swali kubwa mbele ya kamera anakwenda kabatini anavaa maneno yake mazuri anatoka nayo. Usiku tukikaa kuangalia tulichopiga, kimya. Mwenzetu wa Bukavu akasema, hawa watu wote ni mtu mmoja.

Siku ya tano, Oklahoma, gari likachemsha.

Ilikuwa kama saa nane mchana, jua la kichwa, tumetoka kidogo tu mji unaoandikwa Miami, moshi mweupe unatoka kwenye boneti, hakuna duka, hakuna nyumba, kuna shamba na waya. Tukafungua boneti, tukarudi nyuma, tukasubiri, maana rejeta ya moto haifunguliwi, hilo tunalijua sote. Mwenzangu wa Bukavu akaweka simu juu ya dumu la maji inarekodi, kwa mazoea tu. Ikapita pikapu. Ikasimama mbele, ikarudi kinyumenyume mpaka tulipo. Akashuka mzee, kofia imechoka, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani. Hakusalimia. Aliinama akachungulia injini, ndo akauliza, mnaelekea wapi. California. Akaliangalia gari. Akatuangalia sisi. Akaliangalia gari tena. "Na hili?"

Nikamwambia tumetoka hapo Miami. Akasema hapana, Miami iko Florida, hapa ni Mayama. Nikasema lakini kibao kimeandikwa Miami. Akasema ndiyo, kimeandikwa Miami, kinasomwa Mayama, na usimsikilize mtu yeyote atakayekuambia vinginevyo. Na ni kweli wenyeji wanautamka hivyo, na mji wenyewe umepewa jina la taifa la Miami, watu wa asili waliohamishwa kutoka kwao mashariki, makao ya taifa lao yapo pale mpaka leo. Hayo nimeyajua kwa yule mzee kwa sababu gari lilikuwa limeharibika. Kwenye masaa 11 ya mahojiano hakuna mtu aliyenifundisha hata kutamka jina la mji wake.

Rejeta ilikuwa na tundu dogo, maji yanachuruzika. Mzee akasema nyinyi hapo mna pilipili manga? Tukatazamana. Akaenda kwenye pikapu yake akarudi na kikopo cha pilipili manga ya unga, ya mezani, ya kunyunyizia mayai. Anataka kuimimina kwenye rejeta. Mwenzangu wa Tanga akamshika mkono, mzee wangu subiri, tundu linazibwa na sabuni! Akaingia garini akapekua begi akatoka na kipande cha sabuni ya mche, ile ya duka la Waafrika, alikuwa anatembea nayo kwa ajili ya kufulia. Mzee akaichukua akainusa. Hii ni ya nguo. Ndiyo ni ya nguo, na ni ya tangi la mafuta, kwetu lori likitoboka tangi dereva anasugua sabuni anafika Dar. Mzee akasema tangi sawa, mimi sijabisha tangi, hii ni rejeta, sabuni kwenye maji inafanya nini kijana? Inatoa povu. Unataka gari lako litoe povu mpaka California?

Dakika 20. Dakika 20 walibishana, watu wawili wameinamia injini moja, mmoja anasema marehemu baba yake alivuka jangwa na pilipili manga, mwingine anasema mjomba wake alivuka Sekenke na sabuni, na ile simu juu ya dumu inaendelea kurekodi na hakuna anayeikumbuka. Mwisho wake ikaingia pilipili, ikanyamaza kuvuja, tukafika nayo mji uliofuata kwa fundi. Na walipoagana wakabadilishana, mzee akaondoka na sabuni, sisi tukaondoka na kikopo cha pilipili. Miezi miwili baadaye akatupigia simu, trekta lake dogo la kukatia majani lilitoboka tangi, amesugua sabuni, imeshika. Alikuwa anapiga kelele kwenye simu kwa furaha kama amepata mjukuu.

Usiku ule tukaangalia. Na kwa mara ya kwanza tulicheka. Tulicheka mpaka mtu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Ndipo nilipoielewa hii kazi, na kama usiku wa leo mtaondoka na sentensi moja mdomoni mwangu, mwondoke na hii: usiwaendee watu na kamera, waendee na shida.

Mtu anayehojiwa anajichunga. Mtu anayekusaidia hana nafasi ya kujichunga, akili yake yote iko kwenye shida yako, na hapo ndo unamwona, jinsi anavyofikiri, anavyotania, anavyojisifu, anavyokasirika, anavyomtaja marehemu baba yake bila kuulizwa.

Sasa msidhani haya tumeyagundua sisi. Kuna Mmarekani anaitwa Ross McElwee, mzaliwa wa Charlotte, North Carolina. Miaka ya 80 mwanzoni alipata fedha za kutengeneza filamu ya historia kuhusu Jenerali Sherman, yule wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyetoka Atlanta na jeshi lake Novemba 1864 akaivuruga Georgia mpaka akafika Savannah Desemba. Kazi ya heshima kabisa. Kabla hajaanza, mpenzi wake akamwacha. Jamaa akaenda hivyo hivyo, peke yake, kamera begani, kinasa sauti mwilini, moyo umevunjika. Na kila alipofika kusini kule, dada yake, jamaa zake, mwalimu wake wa zamani, wote wakaona shida moja tu: huyu kijana hana mke. Wakaanza kumtafutia! Nani humu ndani hajawahi kutafutiwa mchumba na mashangazi? Mnaona mnavyocheka. Jenerali akawekwa pembeni, filamu ikawa ni watu wa kusini wanahangaika kumwoza mtu mwenye kamera, na kwa kuhangaika huko wanafungua midomo kuhusu Mungu, kuhusu vita, kuhusu bomu la nyuklia, kuhusu mapenzi. Inaitwa Sherman's March, ina zaidi ya saa mbili na nusu, mwaka 1987 ikachukua tuzo kubwa ya dokumentari kwenye tamasha la Sundance, na mwaka 2000 ikawekwa kwenye orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge. Mtu mmoja na kamera yake!

Na kumbukeni zama zile ni filamu ya kweli, ya utepe, milimita 16. Utepe mmoja wa futi 400 unakupa dakika 11 tu, umekwisha, badilisha, na kila utepe ni hela ya kununua na hela ya kuosha. Sisi tulikuwa na simu inayorekodi mpaka betri ife. Kwa hiyo wadogo zangu, ukija kwangu ukaniambia huna vifaa, nitakuuliza una shida gani. Shida unayo? Basi tunaweza kuanza.

Mwingine ni Andrei Codrescu, huyu mnapaswa kumpenda zaidi kwa sababu ni mgeni kama sisi, mshairi, mzaliwa wa Romania, ameingia nchi hii mwaka 1966. Mwaka 1993 ikatoka filamu yake ya kuzunguka Marekani kwa Cadillac nyekundu ya mwaka 1968, na shida yake ilikuwa nini? Alikuwa hajui kuendesha gari. Ilibidi aanze kwa kujifunza na kupata leseni. Nani humu ndani hakumbuki mtihani wake wa leseni hapa? Mama yangu mdogo pale mbele ameufanya mara nne, si ndio mama? Hongera sana, leo anaendesha mpaka Ohio. Ile ni filamu nzima, mama, ungekuwa na mtu wa kukushikia simu.

Basi tulipofika Texas tukaamua kufanya kwa makusudi. Nje ya Amarillo kuna shamba, na katikati ya shamba kuna Cadillac 10 zimezikwa zimepiga mbizi, pua ardhini mkia juu. Walizizika wasanii mwaka 1974, na watu kutoka kila pembe wanakuja na makopo ya rangi ya kupuliza, wanaandika wanachotaka, mwingine anakuja anafuta kwa kuandika juu yake, hivyo hivyo kila siku. Rangi imekuwa nene mpaka magari hayana umbo, ukibandua ganda kwa ukucha unaona tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, nyekundu, bluu, nyeupe, waridi, nyekundu tena, nilibandua kipande cha ukubwa wa nusu ya kiganja, unene wake kama kidole gumba. Ninacho hapa, kizungusheni, mtoto asikitie mdomoni.

Hatukuuliza mtu Marekani ni nini. Tulikwenda bila rangi. Kulikuwa na baba mmoja na mabinti zake wawili wanapuliza majina yao kwenye gari la tatu, nikamwambia kaka samahani, tumetoka mbali na hatujui kama rangi mtu anakuja nayo, mkibakiza kidogo mtatupa? Akatoa kopo lote, lilikuwa halijafika nusu. Tunaandika nini? Mwenzangu akaandika KARIBUNI, herufi kubwa za kijani. Binti mdogo, miaka saba au minane, akasimama anasoma kwa sauti, ka-ri-bu-ni, halafu akasema hili neno limetamkika! Hajui ni lugha gani lakini limetamkika. Akaomba lingine. Tukampa rafiki. Likatamkika. Tukampa chungwa, likampa tabu kidogo. Baada ya robo saa yule baba amekaa kwenye vumbi anacheka, anajaribu kusema "ng'ombe", na mabinti wanamsahihisha yeye, wao sasa ndo walimu. Halafu katikati ya kicheko hicho, hakuna aliyemuuliza, akasema pale kwenye gari la tatu ndipo baba yake alipoandika jina lake yeye alipokuwa mdogo, na ameendesha masaa matano kuja kuandika ya hawa, na anajua kabla jua halijazama kuna mtu atapita juu yake. Kisha akajaribu tena, ng'ombe.

Kama ningemuuliza, ndugu zangu, asingenipa. Nina hakika.

Nipite haraka kwenye mambo ya kazi kwa wale wanaotaka kuanza. Hapa Marekani ukiwa mahali pa umma kama barabarani unaweza kupiga picha, ila dukani, hotelini, shambani kwa mtu, mwenye mali akisema hapana ni hapana, unashukuru unaondoka. Chukua saini ya ridhaa ya kila anayeonekana na kuongea, fomu ya ukurasa mmoja inatosha, na mtoto anasainiwa na mzazi. Msainishe baadaye, si mwanzo, na mweleze kwa maneno ya kawaida utaifanyia nini sura yake. Na maiki. Watu wanavumilia picha mbaya, sauti mbaya hawaivumilii, upepo wa Texas ukiingia kwenye simu hakuna neno linalosikika, nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola na uifunike manyoya yake. Hela yenu ya kwanza iende huko.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo lililoninyima usingizi.

Kiswahili kinajua tofauti. Kuna kumcheka mtu, na kuna kucheka na mtu. Filamu ya kuchekesha kuhusu watu wa kawaida inatembea kwenye mstari huo mwembamba kila dakika, na mwenye mkasi ndiye anayeamua, anayechekwa hayupo chumbani.

Tucumcari, New Mexico. Tumeingia mahali pa kufulia, zile mashine za sarafu, na hatuna sarafu za senti 25. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia kwa kamba kifuani, akatuhesabia kutoka kwenye chupa yake ya jemu. Nguo zilipokauka mwenzangu wa Bukavu anapambana na lile shuka lenye lastiki pembe zote, nyinyi mnalijua, halikunjiki. Akamwomba, mama, hili linakunjwaje? Mama akasema rahisi kabisa, miaka 40 nakunja haya, angalieni. Akaingiza mikono kwenye pembe. Shuka likamgeukia. Akaanza upya. Mara ya pili likamfunika mpaka kichwani. Mara ya tatu likawa donge, kama unga wa maandazi uliozidi maji, akalitupa mezani akalitazama kama amekosewa adabu. Tulikuwa hoi, na yeye mwenyewe anafuta machozi ya kucheka.

Tulipofika nyumbani tukakata pale, kwenye lile donge. Tukawaonyesha marafiki sebuleni, watu walianguka kwenye zulia. Tukajua hiki ndo kipande chetu bora. Tulikuwa tumemwahidi mama kumtumia kabla hatujaonyesha popote, tukamtumia, na jibu lake likaja mstari mmoja: "Mbona mmeniacha katikati? Nilimaliza."

Na alimaliza. Mara ya nne alilituliza, akaingiza pembe ndani ya pembe, akalilaza, akalipiga kwa kiganja, likawa mraba kama limetoka dukani, akamkabidhi mwenzetu kwa mikono miwili. Sisi tulikuwa nayo, sekunde 50, tumeitupa kwa sababu haichekeshi. Nilikaa na ile meseji siku tatu. Mama amefanya kazi ya mikono maisha yake yote, ametupa sarafu zake, ametupa ujuzi wake, na sisi tumewaambia watu kwamba hajui kukunja shuka. Tukarudisha. Na mara ya kwanza tulipoionyesha kwa watu ikiwa nzima, walicheka vile vile pale kwenye donge, hakuna kicheko kilichopungua, na shuka lilipokaa mraba ukumbi mzima ukapiga makofi. Tangu siku hiyo hakuna mtu ndani ya filamu yetu ambaye hakuiona sehemu yake kwanza. Wawili walikataa. Tumewatoa, na mmoja wao alikuwa anachekesha kuliko wote.

Nimalizie na Santa Monica, halafu nawaachia skrini.

Tumefika mwisho wa barabara, gatini, bahari mbele, siku ya 16. Hatuna mwisho wa filamu. Tumechoka, na kwa mara ya kwanza hatuna shida yoyote, gari zima, tumeshiba, hela ya mafuta ya kurudi ipo. Tukawa tumesimama tu. Pale kuna watu wanavua, wamejipanga kwenye reli na ndoo zao, California kwenye gati la umma baharini huhitaji leseni ya kuvua. Mzee mmoja akageuka akatuangalia watatu sisi, akasema, "Nyinyi, nishikieni hii, naenda chooni." Akanikabidhi fimbo yake ya kuvulia, akaondoka zake, hajatuuliza majina.

Siku 16 tunaomba watu. Huyu katuomba sisi.

Hazikupita dakika mbili samaki akakamata. Simu mwenzangu aliiweka chini kwenye mbao ili anisaidie, ikabaki inarekodi miguu, kwa hiyo mtakachokiona ni viatu vyetu sita vinakimbizana na sauti ya mtu wa Tanga inalia kibua, kibua, ni kibua, usimwache, zungusha, na sauti ya Bukavu inamwita mzee arudi, na Wamarekani wa kushoto na kulia wameacha fimbo zao wanatoa maelekezo, kila mtu na lake. Halafu viatu vya mzee vinaingia upande wa kulia, vinakimbia.

Hapo ndipo inapoanza kuandika majina. Aliye karibu na swichi naomba azime taa.